Lango Sifuri

Gari la mayai lilipita asubuhi, spika juu ya paa, na sauti ile ile inayowakera watu wote wa mtaa wa Méier.

"Trei moja reais ishirini! Akina mama, tokeni! Leo tuna mayai ya bata!"

Jurema Lobato akaacha kutafuna.

Mayai ya bata.

Magari ya mayai Rio de Janeiro hayana idadi, na hakuna hata moja linalouza mayai ya bata. Jurema akamalizia pasteli yake, ile sambusa pana ya gulioni inayojaa mdomo mzima, akaishushia na juisi ya muwa, akamwachia muuzaji chenji. Alikuwa amezurura gulioni hapo tangu Jumatatu akijifanya anachagua mapapai, huku macho yakiwa kwenye dirisha moja la ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara. Amri aliyokuwa akiisubiri ilikuwa imefika.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Nyuki hapa."

"Umesikia mayai?" Ilikuwa sauti ya Kobe, mkuu wake katika Idara ya Ujasusi, mtu asiyewahi kuharakisha neno hata nyumba ikiungua.

"Nimesikia. Kuna nini?"

"Bwawa la Pedra Cantada. Leo saa sita mchana. Malango yote."

Jurema akageuka, akaupa umati mgongo.

"Rudia."

"Tumenasa ujumbe wa Straub, yule mshauri mgeni wa bwawa. Atayafungua malango kwa mpigo, mbele ya Katibu wa Nishati na waandishi wa habari. Halafu atasema programu yetu ya kienyeji inayoendesha bwawa imeua watu. Mwezi ujao kampuni yake inauza ya kwake kwa mabwawa ya nchi nzima."

"Mkamateni!"

"Kwa ushahidi gani? Ana mwaliko wa Katibu mwenyewe. Katibu hapokei simu zangu. Polisi wa kule wanamlinda yeye. Anayeweza kuzima mambo haya ni Dokta Marilda peke yake, aliyeiandika programu, naye kafungiwa nyuma ya dirisha unalolitazama."

"Nikimtoa navunja amri ya hakimu."

"Nani kakutuma? Mimi nimeuza mayai tu."

Simu ikakatika.

Mji wa Pedra Cantada uko chini ya bwawa. Jurema alizaliwa huko, katika nyumba ya mlango wa buluu ukingoni mwa mto. Mama yake, Dona Eulália, alikuwa bado anaishi humo. Jurema akapiga namba yake huku akivuka barabara.

"Mama, toka hapo nyumbani. Panda kanisani, kule kilimani."

"Nimeinjika maharage."

"Zima moto, mama! Sitanii. Maji yanakuja."

"Mwaka ule wa mafuriko baba yako alinibeba mgongoni tukakimbia. Tuliporudi wezi wamebeba mpaka mlango. Mimi sihami tena, Jurema. Anayetaka kunizamisha aje aniambie usoni."

"Mama, nakuomba."

"Si wewe ndiye serikali? Basi zuia maji. Unakuja kula au huji?"

Kisha akakata yeye, kama kawaida yake. Jurema alimpenda mama yake kuliko kitu chochote duniani, na wakati huo angeweza kumnyonga.

Askari mlangoni pa Marilda alikuwa akisikiliza redio, watu wakibishana kuhusu mechi ya jana.

"Dada, hapa hapaingiliki."

"Nakoleza rangi ya mdomo tu, kaka yangu."

Akatoa lipstiki. Haikuwa lipstiki. Pumzi moja ya ule mvuke na askari akateremka ukutani taratibu, akakaa, akalala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Dokta Marilda Quintanilha alifungua kabla hajabishiwa hodi. Alikuwa na nywele nyeupe, sandali za mpira, na mwiko mkononi.

"Ndiyo wewe unayechagua mapapai siku zote hizi na hununui hata moja?" akauliza. "Jasusi gani wewe? Mtaa mzima unakucheka. Ingia, farofa inaungua."

"Dokta, hatuna muda. Straub..."

"Najua. Leo kuna onyesho. Kama si leo angengoja nini?"

Alichukua flashi ndogo ya kompyuta kutoka nyuma ya picha ya mtakatifu, akaivingirisha kwenye nailoni, akaitia chini kabisa ya marmita yake, bakuli la bati ambalo kila mfanyakazi wa huko hubebea chakula cha mchana. Juu akapakua wali. Juu ya wali, paja la kuku. Juu ya yote akamwaga farofa, unga wa muhogo uliokaangwa na vitunguu, mkavu na wenye pilipili. Akafunga mfuniko.

"Mbona humo?" Jurema akauliza.

"Wewe umezaliwa nchi hii au umepandikizwa? Mtu wa huku atakuibia saa, atakuibia viatu, atakuibia na mume. Chakula chako cha mchana hakigusi."

Akachukua na kompyuta yake ya mkononi, akaitia kwenye begi.

"Na hiyo ya nini?"

"Hii ya kuibiwa."

Pikipiki ya Jurema, Honda, ilinguruma.

Waliuacha mji, wakaanza kupanda milima. Mvua ya Januari ikawapokea kwenye kona ya kwanza, nzito, ya kuchapa. Marilda alikuwa amemkumbatia Jurema kiunoni, kofia ngumu kichwani, vidole vya miguu wazi kwenye sandali, akisema bila kukoma kupitia kipaza sauti cha kofia.

"Nieleze mimi nisiye mtaalamu," Jurema alisema. "Straub amefanya nini?"

"Sikiliza. Kapivara, programu yangu, ni dubwana kubwa. Limeandikwa kwa lugha ngumu, halibadilishwi ovyo. Lakini wale wa chumba cha mitambo wanataka kubadili maagizo kila siku. Maji yakifika hapa, fungua lango lile. Mvua ikikatika, funga. Sasa kila mara nilibomoe dubwana?"

"Huwezi."

"Siwezi. Kwa hiyo nikampachika mkalimani tumboni mwake. Kajitu kadogo. Kanasoma maagizo yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi ya Lua, iliyozaliwa hapa hapa Rio, kanamwambia dubwana la kufanya. Umenielewa?"

"Mpaka hapo."

"Mkalimani hajui kila kitu. Ana vitabu vyake, tunaviita moduli. Moduli ya mvua, moduli ya malango. Agizo likisema 'nahitaji malango', yeye kwanza anatazama tumboni kama amewekewa. Hakuna? Anatoka nje, anatafuta kwenye folda. Akikuta kitu chenye jina hilo anakimeza. Haulizi nani kapika."

"Na Straub kapika."

"Alikuja na kitambulisho cha mshauri mwelekezi, akaweka moduli yake ya malango kwenye folda, mbele ya yangu. Kikulacho ki nguoni mwako! Na mimi ndiye mjinga. Niliacha moduli nje ya programu kwa sababu ilikuwa rahisi kuzirekebisha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nilisahau. Kwenye flashi kuna Kapivara mpya. Mkalimani ndani, moduli zote ndani, mlango wa kutokea nje nimeuziba kwa zege. Straub aandike anachotaka kwenye folda, hakuna atakayetoka kwenda kukitafuta."

Jurema akalaza pikipiki kwenye kona. Chini yao bonde lilikuwa jeupe kwa ukungu.

"Wiki iliyopita malango yalifunguka yenyewe," akasema. "Ndiyo sababu wamekufungia."

"Lilikuwa jaribio lake. Malango matano yalifunguka kidogo, yakajifunga. La sita halikutikisika. Wakasema lina kutu. Kwanza niliitwa mzembe, jioni yake nikaitwa msaliti. Halina kutu. Lango lile nalijua kuliko ndugu zangu."

"Basi kwa nini?"

"Aliyeandika alihesabu sita kuanzia sifuri. Sifuri, moja, mbili, tatu, nne, tano. Lango sifuri hakuna, akaruka, akaishia la tano. Lua inahesabu kuanzia moja, binti. Vijana wangu wote wanahesabu kuanzia moja. Malango yenyewe yamepakwa rangi, moja mpaka sita, tarakimu za urefu wa mtu. Aliyeandika kile kitu hakulelewa na mimi."

"Huo si ushahidi."

"Najua. Ndiyo maana mimi niko ndani, yeye yuko nje anapigwa picha. Na matano yanatosha kabisa kuufuta mji."

Jurema alikuwa akiona mlango wa buluu.

Kona iliyofuata ilikuwa na lori.

Lilikuwa limekingamishwa katikati ya barabara. Jurema akakanyaga breki, Honda ikaserereka juu ya lami yenye maji, ikalala ubavu, wao wawili wakabingirika kwenye majani. Akainuka na bastola yake ya Taurus mkononi.

Bunduki tatu zilikuwa zinamtazama. Moja ilikuwa kisogoni mwa Marilda.

Akaiweka bastola chini.

Toyota Hilux nyeusi ilikuwa imeegeshwa nyuma ya lori. Mlango ukafunguka, akashuka Desmond Straub, mwakilishi wa kampuni ya Velstrand, suti ya kijivu, mwavuli mkubwa, viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope.

"Dokta," alisema kwa Kireno kilichonyooka kupita kiasi. "Askari wako hapokei simu. Unatakiwa kuwa nyumbani."

"Na wewe kwenu."

Straub akatabasamu. Mtu wake akampa begi. Akaitoa kompyuta, akaiweka barabarani kwa adabu, akaikanyaga mpaka kioo kikalia. Simu nazo zikafuata, kisha redio ya Motorola ya Jurema.

"Kilugha cha ufukweni," alisema. "Kati ya mpira na ngoma mkapata muda wa kuchezea kompyuta. Nakupongezeni. Lakini mabwawa si mchezo."

"Kilugha hicho kimo ndani ya michezo ya kompyuta wanayocheza watoto wako," Marilda akamjibu. "Kawaulize nani kawafundisha kuhesabu."

Mmoja wa wale watu alikuwa ameshika marmita. Akafungua mfuniko, akanusa, akautazama wali na kuku. Straub alikuwa tayari amegeuka. Yule mtu akaufunga mfuniko vizuri, akamrudishia Marilda begi pamoja na bakuli lake.

"Chakula cha mtu hicho," akawaambia wenzake, kama vile kuna aliyemuuliza.

Marilda hakumtazama Jurema. Akasafisha tu koo.

"Waweke kwa fundi matairi," Straub aliagiza. "Saa saba watupe mtoni. Siku ya leo mto utakuwa na watu wengi, wawili zaidi hawataonekana."

Hilux ikaondoka. Lori likafuata.

Kibanda cha fundi matairi kilinuka mpira na oili. Walifungwa kamba kwenye viti viwili, mikono nyuma. Mlinzi aliyebaki alikuwa yule yule wa marmita, jitu refu jina lake Genivaldo, bunduki mapajani, macho kwenye saa ya ukutani. Mvua ilikuwa ikipiga bati juu yao.

Jurema alikuwa akiisugua kamba kwa ukingo wa mkanda wa saa yake. Ndani ya mkanda ule kulikuwa na wembe wa chuma, zawadi ya fundi wa Idara. Lakini kamba ilikuwa ya nailoni, nene, na muda ulikuwa unakwenda.

"Genivaldo," Marilda aliita kwa unyonge. "Mwanangu. Nina sukari. Nisipokula nitakufa kabla ya saa saba, na bosi wako atasema umeharibu kazi."

"Nimekatazwa kufungua mtu."

"Mama yako yuko hai?"

Genivaldo akaitikia kwa kichwa.

"Ana sukari?"

"...Ana sukari na presha."

"Basi unajua. Mkono mmoja tu, baba. Huu wa kulia. Kijiko kimo humo."

Genivaldo akakuna kichwa. Akatazama nje. Akatazama bunduki, halafu bakuli.

"Mimi si mnyama," akasema.

Akamfungua mkono mmoja. Akamwekea marmita mapajani. Akamfungulia hata mfuniko, akainama kumtafutia kijiko.

Marilda akazoa farofa kiganja kizima na kumpaka machoni.

Pilipili na muhogo! Genivaldo akatoa ukelele, akashika uso. Jurema akainua miguu yote miwili pamoja na kiti, akampiga kidevuni. Jitu likaenda chini na rundo la matairi likamfuata. Kamba ya Jurema ikakatika kwa mvuto wa mwisho, akawa tayari ameokota bunduki.

"Pole sana, mwanangu," Marilda, aliyekwisha kufunguliwa, alimwambia Genivaldo huku Jurema akimfunga kamba. "Ukifunguliwa kaoshe kwa maji mengi. Na mama yako mwambie apunguze wali."

Akatumbukiza vidole ndani ya wali, akaichomoa flashi, akaifuta kwenye sketi.

Nje kulikuwa na gari moja tu. Fiat Uno nyeupe, kuukuu, ngazi imefungwa juu ya paa.

Wakatazamana. Kila Mbrazili anajua kwamba hakuna gari la michezo duniani linaloifikia Uno yenye ngazi juu, kwa kuwa anayeiendesha ni fundi aliyechelewa kwa mteja.

"Mungu ni wetu," Marilda alisema.

Saa sita ilipita wangali barabarani. Jurema aliiona ikipita kwenye saa yake, akangoja mngurumo wa maji. Haukuja. Alishusha kioo, akasikiliza. Mvua tu.

"Katibu kachelewa," Marilda akasema, na akaanza kucheka. "Straub kaweka saa sita kamili! Lini katika nchi hii Katibu wa Serikali amefika saa aliyoalikwa? Tena saa ya kula! Bila kamera za Katibu hana onyesho. Yupo pale anatazama saa yake na kutokwa jasho. Kanyaga, binti!"

Jurema akakanyaga. Uno ikaruka.

Mlinzi wa geti la bwawa alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti la mvua la njano. Akamwona Marilda, akasimama wima.

"Dokta. Nina amri usiingie."

"Najua, Valdecir."

"Imeandikwa na kupigwa muhuri."

"Najua."

Valdecir akatazama bonde, kule ambako paa la nyumba yake mwenyewe lilikuwa limefichwa na ukungu.

"Nimekatazwa kukuruhusu," alisema polepole. "Sikukatazwa kwenda chooni."

Akaliacha geti wazi, akaenda zake.

Maji yalikuwa yamefika juu kabisa. Ukutani malango sita yalisimama na namba zake nyeupe, 1 mpaka 6, na bwawa lote likiyaegemea. Jurema aliyatazama mara moja tu, hakutaka kuyatazama tena.

Chumba cha mitambo kilitenganishwa na ukumbi wa wageni kwa kioo kirefu. Ng'ambo ya kioo Katibu wa Nishati, Tarcísio Vilhena, ndiyo kwanza alikuwa anavuliwa koti, akisalimia, akipewa kikombe kidogo cha kahawa. Waandishi walikuwa wamejipanga. Kando yao Straub alisimama karibu na bango zuri la kampuni yake lililowekwa kwenye stendi ya mbao, simu mkononi, tabasamu limemkauka.

Ndani, mwendesha mitambo wa zamu, dada mmoja anayeitwa Cleide, aligeuka akamwona Marilda. Aliinuka, akampisha kiti.

Flashi ikaingia.

"Nalizima dubwana," Marilda alisema. "Likiwaka tena litawaka na tumbo jipya. Jurema, mtazame yeye."

Jurema alikuwa ameshaingia ukumbini, kichwa chini, kikombe cha kahawa mkononi, kama mhudumu aliyelowana.

"Mheshimiwa Katibu," Straub alikuwa akisema, "mtaona sasa jinsi programu hii ya kienyeji inavyoitikia agizo dogo tu la..."

Akanyamaza. Kupitia kioo alikuwa ameona nywele nyeupe.

Akabonyeza simu.

Kwenye kiwambo kikubwa ukutani likaandikwa neno moja: SUBIRI.

Kapivara ilikuwa bado inaamka. Jurema alimwona Marilda kupitia kioo, mikono imekunjwa, midomo inasogea. Hakujua kama anasali au anatukana. Pengine yote mawili.

SUBIRI.

Halafu taa zikawaka kijani, mstari baada ya mstari, na agizo la Straub likaingia. *Nahitaji malango.* Kule kwenye folda moduli yake ilikuwa imekaa, jina sahihi, mahali pa kwanza, tayari kumezwa. Mkalimani akatazama tumboni. Akakuta moduli halali ya Marilda. Hakutoka nje.

Malango hayakutikisika.

Straub akabonyeza tena, na tena, kwa nguvu, kama mtu anayegombana na lifti. Kimya. Waandishi wakatazamana.

"Ndiyo hiyo?" Katibu akauliza. "Nimeacha chakula kwa ajili ya hii?"

Mkono wa Straub ukaingia ndani ya suti.

Jurema alikuwa anaungojea mkono huo. Kahawa ya moto ikamfika usoni, teke lake likakumba stendi ya mbao, mguu wa stendi ukamgonga Straub kwenye kifundo na bastola yake ya Glock ikaruka mpaka chini ya meza. Akamkunja mkono mgongoni, akamlaza juu ya vitambaa vyeupe na vikombe.

"Mto leo hauna watu wengi," akamwambia sikioni. "Umekosea ratiba."

"Mkamateni!" Katibu akapiga kelele. Alikuwa akimwonyesha kidole Marilda, aliyetokea mlangoni na sandali zake zinazochuruzika maji. "Huyo ndiye msaliti! Anatakiwa kuwa kizuizini!"

Polisi wawili wakamshika mikono. Marilda hakujitetea. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Cleide," akasema, "waonyeshe waheshimiwa moduli tuliyoikuta kwenye folda."

Kiwambo kikajaa mistari. Jurema hakuielewa yote, lakini agizo moja lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. *Fungua lango 0. Fungua lango 1. Fungua lango 2.* Na kuendelea mpaka la tano. Yote mpaka mwisho, na yasifungwe.

"Nendeni dirishani mnihesabie malango," Marilda alisema. "Mmoja mmoja. Mnitafutie lango sifuri."

Waandishi wakakimbilia dirishani. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Hakuna," mmoja akasema.

"Hakuna. Halijawahi kuwepo. Hapa hata mfagiaji anajua lango la kwanza ni la kwanza. Sasa, Mheshimiwa, angalia ulipokanyaga."

Katibu akainamisha kichwa. Bango la Velstrand lilikuwa limeanguka miguuni pake, kifudifudi nusu. Akalisogeza kwa ncha ya kiatu. Ulikuwa mchoro mzuri wa bwawa la Pedra Cantada, wa rangi, wa gharama, na juu ya kila lango kampuni ilikuwa imeandika namba yake.

Sifuri. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Kamera zilianza kulia.

Wale polisi wawili walimwachia Marilda wenyewe, wakaenda kumchukua Straub mezani. Jurema akawapa na simu yake, ikiwa bado na kile kitufe.

"Dokta," Katibu alianza, akipangusa shingo. "Kwa niaba ya Wizara, kama kulikuwa na... kutoelewana..."

"Usininong'oneze," Marilda alisema. "Uliniita msaliti mbele ya kamera. Niombe radhi mbele ya hizo hizo. Nangoja hapa."

Akavuta kiti, akakaa, akafungua marmita yake na kuanza kula kilichobaki.

Katibu akamwomba radhi. Ilibidi arudie, kwa sababu kamera moja ilikuwa haijawashwa.

Jurema alikuwa ameshatoka. Alisimama juu ya ukuta wa bwawa, mvua ikimwosha tope la barabarani. Aliazima simu ya Cleide, akapiga ya kwanza.

"Nyuki hapa. Mzigo uko salama."

"Vizuri," Kobe alisema. "Askari wa Méier kaamka. Anauliza nani kampulizia marashi."

"Mwambie ni mama mmoja aliyetaka mayai ya bata."

Kisha akapiga ya pili. Iliita kwa muda mrefu.

"Nani tena?" Dona Eulália akajibu.

"Mimi, mama."

"Watu wanapita hapa wanakimbia, wananiambia malango ya bwawa yamefunguliwa. Mangapi yamefunguliwa?"

Jurema akafumba macho. Alitaka kucheka, akajikuta analia, na hakujizuia.

"Sifuri, mama."

"Si niliwaambia? Nikasema binti yangu yuko kazini, mimi siendi popote. Haya, maharage yameiva. Unakuja au huji?"

"Nakuja. Na mgeni."

"Aje na bakuli lake. Sahani hazitoshi."

Marilda alikuwa akitoka, marmita tupu kwapani. Wakaingia ndani ya Uno yenye ngazi, Jurema akawasha gari, wakateremka taratibu kuelekea Pedra Cantada, kwa njia ile ile ambayo maji yangepita.